Ndege Yangu Haipimi Shamba

Jumatatu, saa saba mchana. Gatitu kumefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na mvua ni ile nyembamba isiyoamua kunyesha wala kuacha. Nimefungua duka la cherehani lakini sijashona hata pindo moja. Niko na hasira.

Wameipasua ndege yangu kwa panga.

Nianze mwanzo, maana nikiandika na hasira naruka mambo. Hii ndege ya rimoti niliiunda mwenyewe, miezi saba, hapa hapa dukani wateja wakishaenda. Mabawa ni ile foamu nyeupe inayokinga friji ndani ya katoni. Niliikata kwa waya wa moto, nikaivalisha tepu ya manjano. Ndani kuna betri, mota ya kuzungusha propela, na kisanduku kidogo kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwa rimoti iliyo mikononi mwangu. Nikisukuma kijiti cha rimoti, mota nyingine ndogo zinavuta nyaya, kipande cha mkia kinapinda, na ndege inageuka au inapanda. Basi. Kamera haina. Hata mahali pa kuwekea kamera hakuna!

Jana tulipotoka kanisani nilienda nayo nyumbani kwa Mama, Gakindu, kwa sababu pale karibu na josho la zamani la ng'ombe kuna uwanja usio na nyaya za stima. Nikaelekea upepo unakotoka, maana ndege hupaa vizuri ikiukabili, nikairusha kwa mkono. Ikapanda. Wueh! Wiki nzima mimi huinama juu ya sare za shule za watoto wa watu. Zile dakika kumi za Jumapili ndizo zangu, na huwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa, majirani wa Mama ni mzee Nderitu na ndugu yake mdogo, Wahome. Hawajasalimiana tangu baba yao azikwe. Kisa ni shamba la kahawa: kila mmoja anasema mwenzake hung'oa itoka, yale maua ya kuonyesha mpaka, na kuyapanda hatua mbili ndani ya shamba lisilo lake.

Wahome ndiye aliyenifikia kwanza, panga mkononi, akitaka kujua nani amenituma kupima shamba. Kabla hatujamalizana, Nderitu akatokea upande wa pili akipiga kelele, ati Wahome ndiye ameniita. Ndege ilikuwa inarudi kwangu, na hapo ndipo pagumu kwa anayeirusha: ikikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Nikageuza kichwa kuwajibu, nikasukuma kijiti upande usiofaa. Ikaangukia kwenye mibuni.

Nilipofika, Nderitu ameishika na Wahome anakata. Bawa kwanza, halafu tumbo, halafu mkia. Wanatafuta kamera.

"Shika vizuri nikate," Wahome akamwambia.

"Angalia hapo ndani kabisa," Nderitu akamjibu.

Miaka yote hiyo wamenuniana, na siku ya kusemezana wanasemezana juu ya maiti ya ndege yangu! Walipokosa kamera, hata pole hawakusema. Nderitu aliniambia nikionekana tena uwanjani na hicho kitu ataniitia chifu. Na hapa Gatitu ni mabati na nyaya kila upande. Nikikosa uwanja ule, sina pa kurushia.

Halafu Mama, mama yangu mzazi, ananiambia ninunue sukari na mkate niende kuwaomba msamaha. Mimi! Ati yeye ndiye anayebaki akiishi na hao watu.

Nilirudi mjini bila kumuaga vizuri.

Lakini hapa sidanganyi. Kuna kitu sikumwambia Mama. Wahome aliponiuliza naangalia nini huko juu, nilicheka, nikamjibu, "Naangalia nani amekula mpaka wa mwenzake." Nilikuwa natania. Lakini mimi nimezaliwa Gakindu. Najua kule mtu unaweza kumtania juu ya bibi yake, hata juu ya kanisa lake, na mpaka wa shamba usiuguse. Nilijua, na nikausema. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko bawa.

Saa nne leo simu ikalia. Wahome. Nikajua sasa ni pole.

"Muthoni, tumeongea na mzee Nderitu," akasema. "Hiyo ndege ukitengeneza, inaweza kuwekwa kamera? Tuone mpaka vizuri, tumalize hii maneno."

Tumeongea na mzee! Nikakata simu. Nikakaa nikiangalia cherehani, nikacheka, halafu hasira ikarudi yote.

Haya. Jumapili nitaenda. Mkate na sukari nitabeba, kwa ajili ya Mama, na utani wangu nitauombea msamaha mwenyewe, kwa mdomo wangu. Lakini nitabeba pia foamu mpya na gundi. Bawa nitaliunganishia pale pale uwanjani, Nderitu ameshika ncha moja na Wahome ameshika nyingine, na hakuna wa kuachilia. Gundi yangu huchukua nusu saa kukauka. Watatafuta la kuongea.

Na kamera siweki.