Karani Alisoma Kuwa Nimepona

Dunga, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Dada Mkawasi,

Fungua barua hii ukiwa umeketi. Kwanza mama: magoti yake yanasemaje na baridi hii? Na shemeji, na watoto, na yule mbuzi wako mkorofi aliyekula pazia la sebuleni, bado yuko hai au mmeshamla? Mimi nipo. Sisemi mzima, maana hukuwahi kuvumilia uongo wangu tangu tulipokuwa wadogo pale landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Voi. Lakini nipo, nakula, nashuka ufukweni kununua samaki, na hasira ninayo ya kunifikisha mwaka ujao bila kuongeza kuni.

Uliuliza kwa nini barua iliyopita ilikuwa na mwandiko wa mwanangu Akinyi, si wangu. Nilikuwa hospitali. Hapa usimsomee mama. Ruka mpaka nitakapokuambia.

Ilianza na pumzi. Unajua mimi nilivyokuwa: karai la samaki, ngege wakubwa, kichwani kutoka kwenye mashua mpaka barabarani, na njia nzima nagombana na wanunuzi. Mwaka huu nikawa nasimama mara tatu njiani. Kifua kinapiga kama mtu anatwanga humo ndani. Nikilala chali, pumzi inakatika, basi nikawa nalala nimeketi, nimeegemea gunia la omena, dagaa wa huku. Miguu ikavimba mpaka ndala zikakataa kuingia. Baba Akinyi akanipakia kwenye baiskeli akanipeleka, na kila penye kilima alishuka akasukuma, mimi nimekaa juu najionea haya.

Daktari alikuwa kijana mrefu, mpole. Akanifunga ule mpira mkononi, akapima. Akapima mkono wa pili. Akaita mwenzake naye apime. Presha iko juu sana, wakasema, na moyo umepanuka, umechoka kuisukuma damu. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea kabisa: "Mama, ulipokuwa na mimba, uliwahi kuvimba uso? Uliwahi kupata kifafa cha mimba?"

Nikamwambia ndiyo, mimba ya Akinyi, mwaka wa Uhuru.

"Na tangu hapo umekuwa ukipimwa presha?"

"Sijapimwa. Karatasi ya hospitali ilisema nimepona."

Akaweka kalamu chini. "Hakuna daktari anayeandika hivyo, mama."

Akanieleza taratibu. Mtoto akishatoka, watu hudhani ugonjwa umetoka naye. Presha hushuka kweli kwa wengi. Lakini kuna wanawake inaowarudia polepole, miaka mitano, miaka kumi, haiumi, haiwashi, inakula moyo na figo kimyakimya. Akasema wakubwa wake bado wanabishana kwa nini iko hivyo, lakini yeye kina mama kama mimi amewaona kwa macho yake humo wodini, na wengi wao hawakuguswa na kile kipimo tangu siku ya kujifungua. Kumbe ningejua, ningepimwa, ningepewa vidonge mapema. Nililala pale nikitazama dari, na nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu.

Shemeji yangu Karani. Sitaandika jina lake, halistahili wino wangu. Ni kaka mkubwa wa Baba Akinyi, karani wa kiwanda cha pamba, na wakati ule ndiye pekee katika boma hili aliyejua Kiingereza. Mlango wake unatazamana na wangu.

Unakumbuka nilivyofika hapa, bibi arusi, tumbo la miezi sita. Mvua ikanyesha, nikachukua jembe nikapanda mahindi. Kwetu Taita mvua ikinyesha unapanda, nani anamngoja nani? Sikujua kwamba hapa mke wa mdogo hatii mbegu ardhini kabla mama mkwe hajatia, na baada yake mke wa kaka mkubwa. Nilimruka mke wa Karani. Basi nilipovimba uso, kichwa kikinipasuka, naona vimulimuli mchana, jibu walikuwa nalo tayari: chira, balaa la kuvunja mwiko. Karani akaagiza manyasi, ile dawa ya majani ya kutakasa, nikanyweshwa mbele ya ukoo mzima. Nilipoanza kutupa mikono na miguu ndipo wakakumbuka kwamba Kisumu kuna hospitali.

Siku ya kutoka wakatupa karatasi, ya Kiingereza. Karani akaisoma amesimama. Akaikunja, akasema, "Inasema amepona kabisa. Manyasi imefanya kazi." Watu wakashangilia. Na mimi, Dada, mimi mjinga wa wajinga, nilimshukuru! Nikamchinjia kuku.

Karatasi tukaiweka ndani ya Biblia. Miaka yote hii ilikuwa kwangu, nikiibeba Jumapili kwenda kanisani na kurudi nayo. Ndiyo sababu mimba ya pili sikuharakisha kwenda kliniki. Mtu aliyepona anakimbilia nini? Unajua ilivyoisha. Mtoto wa kiume, nywele tele kichwani, na hakulia. Karani akasema lazima kuna mwiko mwingine nimeuficha.

Basi nilipotoka hospitali mwezi ule Akinyi alikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Yuko fomu wani sasa, Kiingereza kinamtoka puani. Nikamwambia fungua Biblia, soma. Akasoma kwanza peke yake, midomo ikicheza, kisha akaniangalia. "Mama, haisemi hivyo."

Inasema nilipata kifafa cha mimba. Inasema naondoka presha ikiwa bado juu. Nirudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Nisishike mimba nyingine kabla ya kumwona daktari, na nikishika, nije mara moja. Nilimlazimisha mtoto asome mara tatu mpaka akalia.

Baba Akinyi akakohoa. "Labda Kiingereza chake wakati ule kilikuwa kidogo."

"Mtu anayeandika marobota ya pamba kwa Kiingereza kutwa nzima?"

"Ni kaka yangu."

"Na mimi nani?"

Akatoka akaenda kuosha baiskeli ambayo haikuwa chafu.

Tangu siku hiyo nilimtakia Karani mabaya, Dada, na sikujificha. Nilimwombea mabaya kanisani, nimepiga magoti. Na ndipo nikamwona Atieno.

Atieno ni mke wa Okoth, kitinda mimba wa Karani. Msichana mzuri, mimba yake ya kwanza, miezi minane. Nilimkuta akianika omena, uso umejaa, pete haizunguki kidoleni. Akaniambia, "Mama, kichwa kinaniuma tangu juzi, na naona kama nzi wa moto." Nilijua palepale. Mimi nilijua kuliko mtu yeyote katika ufukwe ule.

Na nilinyamaza. Siku nzima nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikapika nikala, nikijiambia: acha Karani naye aonje, acha azike mjukuu wake aone kunakuwaje. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na nikimwambia pasta atanipa aya. Niliufurahia ule ubaya, Dada. Ulikuwa mtamu.

Asubuhi yake nikaona wazee wanaingia kwa Karani, na mwanamke wa manyasi na kibuyu chake. Ati Atieno amevuna mboga kabla ya mama mkwe. Yule msichana alikuwa ameketi mkekani, ameshika kichwa kwa mikono miwili, vilevile nilivyoketi mimi. Nilichomoa karatasi, nikamshika Akinyi mkono, tukavuka ua. Nilifika nahema.

"Nyar Taita, keti," akasema mzee mmoja. Ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Taita.

"Sikai. Shemeji, nisomee hii."

Aliitambua kabla hajaifungua. "Miwani yangu iko kazini."

"Siku ile ulisoma bila miwani."

"Leo tuna mgonjwa."

"Mgonjwa ndiye anayetaka kusikia."

Mkewe, yule yule niliyemruka kwa mahindi, akasema polepole, "Soma, Baba Okoth." Akasoma. Yeye anasoma Kiingereza kwa sauti ya chini, Akinyi wangu anakigeuza Kijaluo neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alipomaliza, yule mzee akauliza, "Hii ndiyo uliyotuambia amepona?"

Unajua alijibu nini? "Manyasi ilikuwa imeshatolewa. Ningesemaje mbele ya watu?"

Basi. Hayo ndiyo maelezo yake. Moyo wangu na mwanangu vimekwenda ili yeye asione haya mbele ya watu mchana mmoja!

Sikuwa na wakati wa kumtukana. Okoth alikimbia kuita pikapu ya samaki, tukampakia mkewe juu ya magunia. Kifafa kilimshika mlangoni mwa wodi, lakini mikono ya manesi ilikuwa pale pale. Wako hai wote wawili. Ni mvulana, na analia, Dada, analia mpaka anakera. Nilimbeba nikalia naye, nusu kwa furaha, nusu kwa yule wangu.

Siku ya kutoka nesi alimpa Karani karatasi, kwa vile ndiye mzee. Niliipokonya mkononi mwake. Akinyi ameiandika upya kwa Kijaluo, herufi kubwa: Atieno apimwe presha kila miezi mitatu, hata akijiona mzima, hata mtoto akikua. Imetundikwa ukutani kwa Karani, juu ya meza anapokula. Okoth mwenyewe ndiye aliyepigilia msumari.

Karani aliniletea kuku, mwenyewe, kwa mkono wake. Kuku nimemla, bila chumvi, maana chumvi nimekatazwa. Msamaha sijatoa. Pasta alikuja kunikumbusha saba mara sabini, nikamwambia nitaanza kuhesabu nikishapata nafuu.

Sasa msomee mama kuanzia hapa. Mwambie najitunza, mizigo ananibebea Akinyi, miguu imepungua na ndala zinaingia. Ule wito wenu kwamba nirudi Voi nikapumzike, nashukuru, ila sirudi. Hapa mruke tena mama: daktari anasema moyo haurudi ulivyokuwa, lakini nisipoacha dawa ninaweza kwenda nao mbali. Karani ananizidi miaka mingi. Nataka nimzike. Kila asubuhi natoka mlangoni na kikombe changu, natazama kwake, na yeye akiwa pale anaona, ndipo nameza vidonge vyangu, kimoja kimoja.

Msalimie mama kwa mikono miwili. Msalimie kaka wa reli, mwambie gari moshi lake likifika Kisumu ashuke, asijifanye ana kazi. Msalimie shangazi mfinyanzi, na jirani aliyenifundisha kushona. Baba Akinyi anawasalimu. Siku hizi ananipikia uji bila kuambiwa.

Hili la mwisho ni lako peke yako. Dada, nawe ulivimba. Mimba ya kitinda mimba wako, mama alipokukatia pete kwa koleo, ukazirai jikoni, na baadaye wote tukasema umepona. Nani alisoma kuwa umepona? Nenda hospitali kesho, ufungwe ule mpira, uniandikie ulivyoambiwa. Usipokwenda, nitakuwekea kinyongo, na umeshaona mimi ninavyokitunza.

Mdogo wako aliye bado hapa,
Wakio