Visigino vya Chiriku

Mke wangu mpenzi,

Sote wazima. Cherehani imetengenezwa, na Mama bado anasema sijui kupika.

Najua unachokisubiri. Chiriku wetu nilimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, ingawa Mama alishikilia, "Mwache mjukuu wangu, ataacha akikua."

"Mama, ana miaka saba na bado anatembea kwa ncha za vidole," nikamjibu.

Mtaalamu alimpima mgongo na mishipa ya fahamu, akakuta yote salama. Ila misuli ya nyuma ya miguu ilikuwa imekaza, visigino havifiki chini hata akitaka. Akamfunga plasta ngumu miguu yote miwili, akawa anazibadilisha kila wiki na kuzidi kuzikunjua nyayo taratibu. Binti yako hakunyamaza; wagonjwa wote wanajua unafanya kazi mji gani.

Jana plasta zilitolewa. Alisimama, akanishika mkono, akapiga kelele: "Baba, sakafu ina baridi huku nyuma!" Mtaalamu akacheka. Mimi nikajifanya natafuta viatu.

Yamebaki mazoezi ya kunyoosha misuli na vifaa vya kuvaa miguuni akilala. Tutayaweza, usiache kazi.

Lakini tulipofika nyumbani aliniuliza, "Sasa Mama atarudi?" Kumbe muda wote alidhani uliondoka kwa sababu ya miguu yake. Nimemwambia sivyo, akauliza tena vilevile. Piga simu Jumapili, umwambie mwenyewe. Wewe atakuamini.

Mumeo akupendaye,
Baba Chiriku