Wataalamu wa Bastola Sebuleni Kwangu

Jumamosi. Mvua ya rasharasha Laurel nzima, mji wetu huku ughaibuni, na mimi nina hasira mpaka meno yananiuma. Rehema anaangalia katuni. Mimi nimejifungia bafuni, nimekaa juu ya kikapu cha nguo chafu, naandika kwa simu.

Mnaosoma blogu hii mnisamehe. Leo hakuna mapishi.

Wiki iliyopita mume wangu, Baba Rehema, alirudi kutoka kazini na sanduku la chuma. Kazi yake ni kuwahamishia watu vyombo. Kule College Park dada mmoja alikuwa anaondoa vitu vya marehemu baba yake, akamwambia, chukua hilo na vilivyomo. Chini ya spana, ndani ya kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na bastola. Ya zamani, ile yenye duara la risasi linalozunguka katikati. Nzito, imeshika kutu, na ina alama.

Hizo alama ndizo zilizotuloga.

Kwenye duara kulikuwa na kamuhuri kadogo kama yai, herufi tatu ndani na taji juu yake. Kwenye mpini wa mbao mtu alichonga kwa kisu msalaba na mistari mitatu. Baba Rehema akampigia kaka yake, shemeji Mussa, na shemeji akaja mbio kutoka Falls Church, foleni yote ile. Sisi tuliokulia milimani Lushoto tumelelewa na hadithi za mali za Mjerumani. Kila jiwe lenye mchoro, basi chini yake kuna rupia. Watu wamechimba mpaka misingi ya nyumba zao. Shemeji amepanda ndege na hadithi hiyo kifuani.

"Mjerumani haachi alama bure," akasema, tochi ya simu imewaka. "Msalaba ni kaskazini. Hii mistari mitatu ni hatua."

"Hatua kutoka wapi, kaka? Kutoka kituo cha treni cha Laurel?" Mume wangu alicheka, lakini naye kichwa kilikuwa kimeinama pale pale.

Akaitwa Papa Gloire, jirani yetu Mkongo. "Apana, Mama Rehema. Hii ni ya Belgique. Hii cachet, hii muhuri, minaijua tangu utoto." Wakabishana, huyu Mjerumani, huyu Mbelgiji, mpaka chai ikapoa. Picha zikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Kila mtu akawa bingwa wa silaha. Mmoja akaandika kwamba makumbusho wataipigania. Wote walichukia kitu kimoja tu, kutu. Eti inashusha bei.

Kila jioni bastola ilishushwa kutoka juu ya friji, ikawekwa kwenye meza anayochorea mwanangu.

Na mimi nisijifanye malaika. Tunakaa basement ya watu, chini ya nyumba yao, dirisha letu linaonyesha matairi ya magari. Kichwani nilishamwona Rehema kwenye nyumba yenye dirisha la kuonyesha mti. Kwa hiyo nilinyamaza, nikachemsha chai nyingine.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwa mzee mmoja wa Kizungu anayethamini silaha za zamani. Shemeji akatoa ushauri wake: ikae kwenye mkoba wa nepi. "Polisi akiwasimamisha, mama na mtoto nani atawashuku?" Nikaibeba. Katikati ya nepi na biskuti, miguuni pa mwanangu, njia nzima.

Tulipoingia dukani kwake na Baba Rehema akaitoa kwenye mkoba, yule mzee aliinua mkono. "Weka chini. Rudi nyuma. Nani ameikagua kama ina risasi?"

"Hii ni antiki, mzee," mume wangu akasema. "Haina kitu."

"Nimeuliza nani ameikagua."

Hakuna. Wiki nzima, macho yote yale, tochi zote zile, hakuna.

Akapaka mafuta kwenye kifuniko cha nyuma ya duara, akakibembeleza kwa bisibisi mpaka kikafunguka, akasukuma ndani kijiti. Ikadondoka risasi kwenye kitambaa. Halafu ya pili. Zimeota ukungu wa kijani, zinang'aa kidogo pembeni.

"Mama, candy!" Rehema akanyoosha mkono.

Nilimvuta nikambana kifuani mpaka akalia.

Yule mzee akaeleza taratibu. Papa Gloire alikuwa sahihi, ni ya Ubelgiji. Ule muhuri wa yai ni wa kuonyesha kwamba bunduki imejaribiwa kabla ya kuuzwa, na ziko nyingi mno. Msalaba na mistari ni mikwaruzo ya mtu na kisu chake. Bei aliyotaja haifiki hata ya kiti cha gari cha Rehema. Akaongeza kwamba kutu imekamata kila kitu ndani, la sivyo ingeweza kulia.

"Tujaribu mwingine, kule Virginia," Baba Rehema akaninong'oneza.

"Hairudi nyumbani."

"Mama Rehema, tuongee kwanza."

"Tuongee nini?" Nikamgeukia mzee na Kiingereza changu cha kuungaunga nikamwambia aichukue kwa bei hiyo hiyo. Alimtazama mume wangu. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Tangu turudi nyumbani simu haijatulia, na wote wanauliza bei. Shemeji ndiye aliyefunga kazi. "Shemeji, umeuza mali ya Mjerumani kwa bei ya mchicha! Nyie wanawake mna haraka."

"Ilikuwa na risasi, shemeji."

"Sasa si haikulia?"

Nikakata simu.

Kwa sababu hapo ndipo nilipoikumbuka Jumatano. Shemeji alimwelekezea Rehema bastola ile, kwa utani, "Mikono juu!" Mwanangu akainua vimikono vyake. Shemeji akavuta kile kidude cha kufyatulia. Kikagoma. Rehema akarukaruka, "Again, Uncle! Again!"

Kutu. Kutu ndiyo iliyonibakizia mtoto.

Baba Rehema yuko jikoni, anaosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Naamini ameelewa. Nataka kuamini.

Kesho Jumapili shemeji atakuja kula, kama kawaida yake. Nitapika. Lakini kabla hajagusa sahani, atapiga magoti mbele ya Rehema, mtu mzima na ndevu zake, amwombe radhi. Najua kwetu mkubwa hamwombi mtoto radhi. Kesho ataomba. Akimaliza yeye, ni zamu ya Baba Rehema. Halafu yangu, maana ile Jumatano na mimi nilicheka.