Ziwa Uliloliona Bila Mimi

Filemoni,

Nimeliona ziwa. Nimeliona peke yangu, kwa kuwa wewe umelala Kasulu chini ya udongo mwekundu, na nilidhani kifo ndicho kilichovunja kiapo chetu. Unakumbuka? Chungu kimoja cha pombe ya ndizi, mrija mmoja: hakuna kati yetu atakayeshuka Ziwa Tanganyika bila mwenzake. Walimu wawili Waha wa milimani, tunafundisha habari za ziwa ambalo hatujawahi kuligusa!

Lori la dagaa lilinishusha. Baridi ya kwetu ilibaki juu pamoja na migomba. Chini ikaanza michikichi, kisha maji. Maji mpaka milima ya Zaire. Nilivua kofia nikalia: maskini Filemoni, amekufa hajaona hili.

Maskini!

Mama mmoja alikuwa akianika dagaa mchangani. Alinisalimu kwa kupiga makofi, nami nikapiga, tukaulizana watoto, mashamba, mvua, kama kwetu. Nilipotaja shule yangu akaangua kicheko. "Kumbe ndiye wewe, yule wa kuandika magazetini! Mwalimu Filemoni alikuwa hapa kila likizo. Tukimwambia, mlete basi rafiki yako, anasema, yule? Anagombana na wakubwa wote, lakini maji anayaogopa kama paka."

Kila likizo. Nawe ukiniaga kwamba unakwenda Kitanga kumuuguza mama yako! Nami nikikusomea vitabuni kina cha ziwa, unakuna kidevu: "Ajabu! Kumbe!" Nimeitwa mchochezi, nimeitwa mkorofi. Mwoga umeniita wewe tu, tena nikiwa sipo kujibu.

Basi nikakunja suruali niwaonyeshe, yeye na wavuvi waliokuwa kando. Wimbi dogo likanipiga magotini, mchanga ukahama chini ya nyayo. Nilitoka mbio, Filemoni. Wavuvi wakapiga mayowe: "Mwalimu hakusema uongo!"

Ulijua. Ulijua tangu tulipovuka Malagarasi kwa mtumbwi, nikafumba macho na kudai ni vumbi. Ungeniambia usoni ningekubishia wiki nzima, ungenishinda, tungeshuka pamoja. Ndivyo tulivyoishi. Badala yake ulinihurumia kimya kimya. Huruma hiyo siipokei, hata kutoka kwa maiti.

Kaka wa yule mama amekubali kunifundisha kuogelea. Pumzika, msaliti wangu. Likizo ijayo nitaingia mpaka shingoni, mbele ya wote uliowachekesha, na humo majini nitakutukana kwa jina lako lote.