Chai ya Mama Nyaboke Imekuwa Barabara

Jumapili, jioni. Leo jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la barabara mpya limetua hadi kwenye majani ya migomba yetu. Siku nzuri kwa wageni, na wamekuja kweli. Nimekaa nyuma ya jiko nisiwaone wakiondoka.

Nina uchungu, na sitaki kuuficha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, maneno haya yangeniuma zaidi.

Kwa asiyetufahamu: kwetu ni bondeni, mbali kidogo na soko la Ekerenyo, mahali ambapo mto unaanguka kutoka kwenye mwamba. Marehemu baba aliacha kipande kile cha chini bila kulima kwa sababu ni mawe matupu. Kaka yangu Ombati akaona kitu ambacho baba hakukiona. Akajenga vibanda vya nyasi, akanunua mahema, na watu wa mjini Kisii wakaanza kuja kutazama maporomoko na kuoga mtoni. Mimi nauza katika duka la dawa mjini siku za kazi. Wikendi narudi nyumbani, na Jumapili nawapikia wageni: kuku wa kienyeji, matoke, chinsaga, mboga yetu chungu, iliyolala kwenye maziwa.

Masika yaliyopita mto ulifurika. Ulibeba kalavati na kona nzima ya barabara, ukaacha korongo ambalo hata mbuzi walikataa kulishuka. Wageni wakakoma. Ombati akawa mtu wa kukaa kwenye kibanda kitupu akitazama maji.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, Mama Nyaboke.

Ni mjane. Shamba lake la chai liko juu ya kona ile iliyobomoka, na chai ile aliipanda na mumewe wakiwa bado vijana. Mimi nimelelewa kwake nusu ya utoto wangu. Mama yangu alipolazwa hospitalini muda mrefu, nilikula kwake na kulala kwake, na ni yeye aliyenifundisha kuchuma. Alipoona jinsi tulivyohangaika, alichukua jembe mwenyewe, akang'oa mashina machache ya pembeni, akatufungulia kijia cha pikipiki kupita katikati ya mistari.

"Pitieni hapa," alisema, "mpaka watengeneze barabara."

Tukapita. Mitungi ya gesi, kreti za soda, magodoro, hata wageni wachache waliokubali kupanda pikipiki. Hakuwahi kutuomba chochote.

Baada ya kulilia barabara kwa muda mrefu, alikuja fundi mmoja wa kupima. Alisimama ukingoni mwa korongo, akatikisa kichwa, akasema kona ile inahitaji ukuta wa mawe, kazi kubwa. Kisha akageuka akatazama kijia chetu kinavyopanda kwenye chai. Ombati alikuwa naye. Walichozungumza baada ya hapo sisi wengine hatukukijua.

Mashine zilikuja Jumamosi, siku yetu ya Sabato.

Tulikuwa kanisani wote isipokuwa Ombati, ambaye aliacha kusali zamani. Mimi nilikaa benchi moja na Mama Nyaboke. Katikati ya wimbo tukasikia ng'ambo ya bonde ngurumo ya tingatinga. Akaniinamia sikioni, akitabasamu, akaninong'oneza: "Mungu ameikumbuka barabara yenu."

Nami nikatabasamu. Tukaendelea kuimba.

Sijui nitaliweka wapi tabasamu lile.

Tulipotoka tulitembea pamoja, yeye na viatu vyake vyeusi vya kanisani, mimi na Biblia zetu zote mbili mkononi. Tulipofika juu ya kilima aliacha kuongea. Shamba lake lilikuwa limepasuliwa katikati. Udongo mwekundu, mpana, umesawazishwa vizuri kama uwanja wa shule, na kandokando mashina ya chai yamelala mizizi juu. Kona ya zamani ilikuwa vilevile, shimo tupu. Hakuna aliyeigusa.

Ombati alikuwa amesimama na dereva wa tingatinga, wanakunywa soda.

"Nani aliwaambia mpite hapa?" nilimuuliza.

"Si alitupa ruhusa?" alijibu. Hakuniangalia. "Mama mwenyewe alisema tupite."

Mama Nyaboke hakupaza sauti. Aliingia kwenye udongo na viatu vile vile, akainua shina moja, akalisimamisha, akalikanyagia udongo kwa mguu. Likaanguka. Akaliinua tena. Dereva akainamisha kichwa. Ndipo Mama Nyaboke akamgeukia kaka yangu.

"Niliwapa njia, Ombati," alisema. "Sikuwapa barabara."

Akaenda zake nyumbani.

Kikao kilifanyika, maana vikao havikosi. Mtu wa barabara alikuja na faili, akaeleza kwamba yule mama alikuwa tayari ameruhusu watu kupita, na kwamba akiwa na malalamiko aende ofisini mjini. Wazee wakasema maendeleo yana gharama yake. Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja ambaye gharama hiyo ilipita shambani kwake. Nilisimama nikasema haikuwa haki, na mama yangu akanivuta gauni nikae. Njiani akaniuliza, "Wewe unataka ndugu yako ale nini?"

Mshahara wa duka la dawa haujengi nyumba, na bati lililo juu ya kichwa cha mama limetoka kwa wageni wale wale.

Wiki ile ile nilikwenda kwa Mama Nyaboke kumwomba msamaha. Alinikaribisha. Alinitolea kiti kizuri, kile chenye kitambaa. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia chai, akaniwekea ndizi kwenye sahani na kuifunika.

Miaka yote nikiingia nyumba ile, nilikuwa nikiambiwa, "Sufuria iko pale, jipakulie."

Nilikula kama mgeni, nikashukuru kama mgeni. Nilipomaliza alinisindikiza hadi langoni.

Sasa leo.

Magari yalianza kuteremka mapema, yamejaa vijana na muziki. Ombati alivaa shati jeupe. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la matoke kuelekea kwenye vibanda niliposikia honi huko juu, ndefu, ya mtu asiye na subira. Nikatazama. Mama Nyaboke alikuwa anavuka na kikapu cha majani mgongoni. Kwa kuwa shamba limekuwa mawili, lazima avuke kila anapomaliza mstari. Alirudi nyuma, akasimama ukingoni mwa mtaro, gari likapita. Msichana mmoja alitoa simu dirishani akampiga picha. Wakampungia mkono. Vumbi likamfunika mpaka nikamwona kichwa tu.

Alisimama pale hadi vumbi likatulia. Kisha akavuka.

Niliweka sinia chini, kwenye nyasi. Nikamwambia Ombati atafute mpishi mwingine.

Simchukii kaka yangu, na hilo ndilo linalonichosha. Alisema kwa upole kabisa, "Kerubo, imeshatengenezwa. Hata ukikasirika mwaka mzima, haitarudi kuwa chai."

Ni kweli.

Nilipanda nikachukua kikapu cha mama yangu, nikaingia kwenye mstari wa chini wa Mama Nyaboke, nikaanza kuchuma bila kuuliza. Nilidhani kazi ingesema badala yangu. Alinifikia polepole kutoka upande wa pili, akachungulia kikapuni mwangu.

"Acha," akasema. "Mikono yako inanuka vitunguu. Majani yatashika harufu, kituoni wanakonunua chai watayakataa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia kibarua. Aliyachukua majani yangu, akayamwaga chini ya shina, akaendelea na mstari wake.

Nikashuka. Lakini nikishuka niliona kitu ambacho sikuwa nimekitazama vizuri siku zote hizi. Mtaro wa barabara mpya unateremka ukingoni mwa chai, unapinda, halafu unaishia juu ya ua wake. Mdomo wake umeelekea mlango wa jiko la Mama Nyaboke. Waliuchimba wakauacha hapo, kana kwamba maji yakifika pale yataamua yenyewe pa kwenda. Mvua kubwa ya kwanza itaingia kwake ndani.

Nilimwonyesha Ombati. Alisema watu wa barabara watarudi kumalizia. Nikamwuliza lini. Akasema atawapigia simu. Nikamwona akimkimbilia mgeni aliyetaka mkaa zaidi.

Wageni wamekwenda sasa. Mama yuko ndani, hajasema nami tangu mchana. Nimenawa mikono kwa majivu na ndimu, na bado nasikia vitunguu.

Kesho natakiwa kuwa dukani Kisii asubuhi. Nitachelewa. Nitachukua jembe niufungue ule mtaro kabla ya pale unapopinda, niukate kuvuka barabara, maji yateremke kwetu, pale kwenye nyasi ambapo Ombati husimamisha mahema. Ardhi ile ni ya baba, nami ni mtoto wake pia. Najua kaka atakasirika, na mama atauliza tena ndugu yangu atakula nini.

Sijui kama Mama Nyaboke ataniona nikichimba. Akiniona, huenda akaniletea maji ya kunywa kwenye glasi safi, akanisimamia kwa heshima hadi nimalize, kama anavyomfanyia mtu aliyemwajiri.

Nitayanywa. Kisha nitaendelea kuchimba.