Wasaidizi wa Charleston

Erdington, Jumanne, Novemba 2006

Kumbe nimevuka Atlantiki kwenda kula ugali. Kule Charleston, kusini mwa Marekani, wanaupika mwepesi kama uji, wanaumwagia kamba na siagi, na mhudumu anauleta kana kwamba amebeba taji. Pembeni kuna sukuma wiki iliyochemshwa hadi ikapoteza rangi. Mke wangu Nyambura amecheka sana: "Baba Njeri, si ungeniambia tu nikupikie?"

Hilo navumilia. Nisichovumilia ni yule mtembeza wageni wa jumba la kale, aliyesema mapishi yote yalibuniwa na bibi mwenye nyumba. Nikamuuliza jikoni alikuwa akipika nani. "Wasaidizi," akajibu. Walilipwa? Akatuonyesha mapazia.

Nimeyaandika yote hayo kwa ukurasa wa safari wa gazeti. Leo mhariri amenipigia: "Mzee, hayo ya watumwa toa bana. Watu wanapanga holidei."

Ukurasa huo nauhitaji. Tangu kiangazi hajachapa hata aya yangu moja, na ninaanza kuogopa kwamba amenichoka.

Nimemwambia akiyatoa, atoe na jina langu. Hakusita kukubali. Ameuliza tu kama nina picha ya mapazia.