Kasha la Ndengu na Gitaa la Baba

Baba yangu mpendwa,

Muga, Baba. Nakusalimu kutoka huku Ujerumani, ambako jua la siku hizi linachomoza kama mtu aliyelazimishwa. Vidole vyako vinaendeleaje? Ile dawa ya kupaka imekusaidia, au bado ni Mama anayekufungia vifungo vya koti? Na kahawa, mmemaliza kupogoa? Mimi ni mzima. Kazi ya kuuguza wazee inaendelea vizuri, na wiki hii nimepewa zamu za asubuhi, kwa hivyo nina alasiri za kukaa na kuandika.

Juzi kwa simu nilikuambia tu, "Limefika salama," ukanyamaza mpaka nikadhani mtandao umepotea. Lakini ukimya ule naujua. Mwalimu haridhiki na jibu bila kuonyeshwa njia. Basi hii hapa njia yote, pamoja na mambo ambayo sikutaka uyajue mapema.

Siku ile nilipoondoka nyumbani Githongo na gitaa limefungwa kwa blanketi, nilikuambia nina mpango. Sikuwa na mpango wowote. Uliponikabidhi ukasema vidole vimekataa kazi, na heri lilie mikononi mwangu kuliko kunyamaza ukutani, ningekuambiaje kwamba sijui litapandaje ndege? Gitaa ulilonunua ulipoanza ualimu, likiwa tayari limezeekea kwa mtu mwingine! Mbao zake zimekauka hata ukizigusa kwa ukucha zinaitika.

Nilifika kwa shangazi Karimi pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, zikiwa zimebaki siku nne nisafiri. Nikapiga simu kwa kampuni ya ndege. Dada aliyepokea akasema gitaa haliruhusiwi kukaa na abiria. Litaenda chini na mizigo, tena ndani ya kasha gumu.

"Na nikilileta kwa mfuko wa kitambaa?"

"Basi utatia sahihi kwamba likivunjika ni shauri yako."

Nilizunguka mji wa Embu kutwa nzima. Duka moja la vyombo vya muziki lilikuwa na mifuko ya kitambaa tu, ile ya kwenda nayo kanisani. Nikapigia maduka mawili ya Nairobi. Makasha wanayo, lakini ni ya magitaa ya siku hizi, na letu lina tumbo nene. Shangazi alichukua futi yake ya ushonaji akalipima mara tatu. Kila mara kifuniko cha Nairobi kilikuwa kinakataa kufunga, na sisi bado hatujakiona. Jioni nilimwambia shangazi nitaliacha kwake. Sikulia, Baba, lakini chai yangu ilipoa ikiwa imejaa.

Kesho yake asubuhi Bwana Nyaga, jirani wa shangazi anayefanya biashara ya nafaka, alikuja kuchukua suruali aliyokuwa ameleta kufupishwa. Akatukuta tumelilaza gitaa mezani kama mgonjwa. Akauliza, tukamweleza. Akacheka.

"Hiyo kitu mnatafuta, mimi nimenunua ndengu kutoka ndani yake."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya sanduku ya gitaa! Kuna mama huko chini Mbeere anaweka mbegu yake humo. Anaitwa Mama Mutugi. Leo naenda huko na gari, twendeni."

Tulienda, mimi na shangazi na gitaa katikati yetu. Kutoka kwa baridi yetu mpaka lile joto la Mbeere, nilivua sweta kisha nikatamani kuvua na viatu. Mama Mutugi tulimkuta akitengeneza ua wa mbuzi wake. Ni mjane, mrefu, anaongea polepole. Marehemu mumewe alikuwa mpiga gitaa wa harusi, na alipofariki kijana wao mkubwa alienda na gitaa Mombasa, kasha akaliacha kwa sababu ya uzito. Alitupeleka ndani akatuonyesha. Baba, lilikuwa kasha la mbao nzito, limevikwa ngozi nyeusi iliyochubuka, na ndani limejaa ndengu mpaka kwenye shingo.

"Panya wa huku hawana huruma," akasema. "Wamekula gunia, wamekula debe la plastiki. Hii imewashinda. Na mvua iko karibu. Nikikupatia, mbegu yangu nitaiweka wapi?"

Aliyejibu ni shangazi. "Mama, nikikuletea sanduku la bati, lile watoto wanaenda nalo shule ya bweni, jipya, lenye kufuli?"

Mama Mutugi alitazama blanketi. "Kwanza fungua nione huyo mgonjwa wenu."

Nikafungua. Alipitisha kiganja juu ya tumbo la gitaa, akafika kwenye ule ufa uliouziba kwa gundi nikiwa mdogo, akasimama hapo. "Mwenyewe alikuwa analipenda," akasema. Kisha, "Piga."

Unajua ninavyopiga. Nikaanza ule wimbo wa jioni wa kanisani ulionifundisha kwanza, polepole, nikikosea palepale ninapokosea siku zote. Yeye akauimba kwa Kimbeere, na nilipokwama alinishikia sauti mpaka nikafika. Tulipomaliza alitandika shuka sakafuni, akainua kasha mwenyewe, akamwaga mbegu.

"Hii kasha imekaa miaka mingi ikifanya kazi ya debe. Nenda nayo. Lakini hiyo bati nataka kesho, si kesho kutwa."

Bati alilipata kesho yake. Bwana Nyaga ndiye aliyelipeleka. Sasa tukawa na shida nyingine: kasha lilikuwa kubwa kidogo, na gitaa lilichezacheza ndani. Shangazi alikata godoro la kitanda cha wageni (usimwulize, bado anajuta), akashona vimito vya kitenge, kimoja chini ya shingo, viwili kiunoni, kingine cha kuzuia kichwa. Mimi nikalegeza nyuzi ili shingo isivutwe. Kufuli moja ilikuwa imekufa, kwa hivyo shangazi alimvua mumewe mkanda akazungushia kasha. Mjomba alituaga barazani ameshika suruali kwa mkono.

Kwenye uwanja wa ndege nilipelekwa upande wa mizigo isiyo ya kawaida. Afisa akafungua, akapekua vile vimito, akatoa punje mbili za ndengu akaziweka kiganjani.

"Dada, hili ni gitaa ama ni ghala?"

Nilimweleza yote haraka haraka. Alicheka, akapekua tena asiache punje, kisha akalifunga mkanda mwenyewe, kwa upole, akabandika karatasi nyekundu ya vitu vinavyovunjika. Nililitazama likipita nyuma ya pazia za mpira. Katika safari nzima sikulala hata kidogo.

Huku Ujerumani lilitoka kona moja ikiwa imebonyea. Tena sikuweza kulifungua hapohapo, kwa maana nilikuwa nimeambiwa mbao zikitoka kwa baridi ziachwe zipate joto polepole. Nyumbani Esi, yule binti wa Ghana ninayeishi naye, alilizunguka kwa saa nne nzima akisema, "Fungua, mimi nitakufa!" Baada ya chakula cha mchana tukafungua. Kona ya kasha ndiyo iliyopokea pigo. Gitaa lenyewe lilikuwa limelala ndani ya kitenge cha shangazi, zima, isipokuwa kishikizo kimoja cha kukazia uzi kilichopinda.

Nikalipeleka kwa fundi wa vyombo vya muziki, mzee wa hapa mtaani. Alibadilisha kishikizo kwa kingine cha zamani alichokitoa kwenye droo. Kisha akawasha taa ndogo, akachungulia ndani, akauliza nani aliziba ule ufa. Nikasema ni baba yangu, mwalimu, hakusomea ufundi. Akasema, "Sitaugusa. Mkono huo ulikuwa na subira." Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo.

Nisalimie Mama sana, na mdogo wangu Mwenda anayehangaika na ng'ombe, na nyanya, umwambie soksi alizonifumia ndizo navaa sasa. Shangazi Karimi ukimpigia, mwambie mkanda wa mjomba niko nao.

Neno la mwisho, Baba. Ule wimbo uliomtungia Mama kabla hujamwoa, nimeanza kujifunza kuupiga. Beti mbili ninazijua. Ya tatu haikuwahi kuniingia, kwa sababu kila mlipoifikia Mama alikuwa anakukatiza kwa kicheko. Keti na Mwenda, uimbe polepole, aandike. Na Mama awepo, ili aandike pia mahali anapocheka.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,

Kagwiria